Mtoto wa Mama Martha: Maisha ya Harry Truman



Kamati ya jarida letu la maadhimisho iliniomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekufa zamani, ambaye vijana wetu wanaweza kujifunza kwake. Nadhani walitegemea nilete habari za mhubiri fulani. Mimi nimechagua rais. Tena siyo rais mlokole. Alikuwa Mbatisti wa kawaida, mtu wa kucheza karata na wenzake na kunywa wiski yake, na ulimi wake ulikuwa mkali. Jina lake Harry Truman, rais wa 33 wa Marekani. Wengi wetu tunamjua kwa mabomu ya atomiki yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945. Hilo ni jambo zito na lina somo lake peke yake, lakini leo siendi huko. Leo nataka tuongee juu ya Truman na mama yake.

Kwa nini yeye? Niseme tu wazi. Mimi nimeoa ng'ambo. Mama yangu mzazi, ambaye ndiye aliyenifundisha kupiga magoti, hakula chakula nyumbani kwangu kwa miaka sita ya kwanza ya ndoa yetu. Alikuja, alikaa, alibeba wajukuu mgongoni, lakini sahani hakuigusa. Kila mtu alijua ni kwa sababu gani, na mke wangu alijua zaidi ya wote. Basi wakati nilipokuwa chuo cha Biblia nilikuta maktaba kitabu cha maisha ya huyu Truman. Wenzangu walikuwa wanajiandaa kwa mtihani, mimi nikakaa nacho mpaka taa zikazimwa.

Tuanze na mama, maana bila yeye hutamwelewa mtoto.

Martha Ellen Young alizaliwa tarehe 25 Novemba 1852 katika wilaya ya Jackson, jimbo la Missouri. Baba yake, mzee Solomon Young, alikuwa mtu wa mali. Alikuwa na mashamba makubwa, alikuwa na misafara ya magari ya kukokotwa na maksai yaliyobeba mizigo kwenda magharibi ya mbali, na alikuwa na watumwa. Ndiyo, watumwa, watu weusi walionunuliwa. Upande wa pili, wazazi wa baba yake Harry nao walikuwa na watumwa. Kwa hiyo huyu mtoto ametoka kwenye utumwa kwa baba na kwa mama, na kwenye familia hizo hakuna aliyeona kwamba hiyo ni dhambi. Walisali, walisoma Neno, na walimiliki watu.

Missouri ilikuwa jimbo la mpakani. Ng'ambo ni Kansas, huku ni Missouri, na hata kabla Marekani nzima haijaingia vitani mwaka 1861, watu wa Kansas na wa Missouri walikuwa tayari wanachomeana nyumba kwa ajili ya habari ya utumwa. Sisi tunaoishi mpakani hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo likoje. Usiku mmoja jirani uliyebadilishana naye mbegu anakuja na bunduki.

Vita vilipoanza, wapiganaji kutoka Kansas waliokuwa upande wa Kaskazini, upande wa Rais Lincoln, walivamia shamba la mzee Young. Mzee mwenyewe alikuwa safarini. Walimkuta mke wake na watoto. Waliwaua nguruwe, wakakata mapaja tu wakaenda nayo, nyama nyingine wakaiacha ioze. Wakachoma maghala. Wakamlazimisha yule mama awaokee mikate mpaka viganja vikafanya malengelenge. Wakamfunga kamba shingoni kijana wa nyumba hiyo, wakawa wanamnyanyua na kumshusha ili aseme baba yake amejificha wapi. Martha aliyaona hayo hajafikisha hata miaka 10.

Halafu mwezi wa Agosti 1863 ikatoka ile Amri Namba 11 ya jeshi la Kaskazini. Karibu watu wote wa vijijini katika wilaya kadhaa za mpakani wapewe siku 15 wahame, kwa kuwa wanashukiwa kuwalisha waasi. Familia zikatoka na vile walivyoweza kubeba, na nyuma yao nyumba zikaungua. Martha alikuwa karibu kutimiza miaka 11. Maisha yake yote alikumbuka alivyotembea kwa miguu nyuma ya gari la maksai, kwenye vumbi, hajui wanakokwenda.

Wapendwa, hapo ndipo nilipofunga kitabu kwa muda. Mama yangu naye ana barabara yake aliyotembea akiwa mtoto, na ana usiku wake. Huwa hasemi mambo yote. Sisi wahubiri tuna haraka ya kukemea chuki kama vile imetoka hewani, kumbe mara nyingine imetoka kwenye jeraha la kweli kabisa. Lakini angalia na upande wa pili: jeraha la Martha lilikuwa la kweli, na wale watu weusi waliokuwa watumwa wa baba yake hawakumchoma nyumba. Walikuwa na majeraha yao ambayo nyumbani kwake hayakuhesabiwa. Hasira yake ilikuwa juu ya Lincoln na askari wa Kaskazini. Dharau yake ilikuwa juu ya mtu mweusi. Hivyo viwili vilikua pamoja kama magugu na ngano, na yeye hakuvitenganisha mpaka anakufa.

Harry alizaliwa tarehe 8 Mei 1884, katika mji mdogo wa Lamar, na mwaka 1890 familia ikahamia mji wa Independence. Mtoto huyu alikuwa haoni vizuri, na mama ndiye aliyegundua. Alimpeleka kwa daktari wa macho Kansas City, wakamtengenezea miwani minene, na miaka hiyo mtoto wa miaka 6 mwenye miwani alikuwa kichekesho. Watoto wengine wanacheza mpira, yeye haruhusiwi, miwani itavunjika. Anabaki ndani na mama. Mama alikuwa amesoma chuo cha wasichana cha Wabatisti, anapiga piano, anapenda vitabu. Alimfundisha kusoma hata kabla hajaenda shule, na Harry mwenyewe alisema kwamba kabla ya kufika miaka 12 alikuwa ameshamaliza Biblia yote zaidi ya mara moja. Ujanani alibatizwa, akawa Mbatisti kama mama.

Unaona hali ilivyo. Mkono uliompa macho, uliompa Neno la Mungu, uliomfundisha kusema ukweli, kulipa deni na kutomwogopa mtu, ni mkono uleule uliompa ubaguzi. Havikuja kwenye vikapu viwili tofauti ili achague. Vilikuja pamoja kwenye chakula cha jioni.

Na alikula vyote. Mwaka 1911, akiwa kijana wa miaka 27 analima shamba la familia huko Grandview, alimwandikia barua msichana aliyempenda, Bess Wallace, ambaye baadaye walifunga ndoa. Katika barua hiyo aliandika maneno mabaya juu ya watu weusi na juu ya Wachina na Wajapani, akakiri kwamba huo labda ni ubaguzi, na akaendelea tu kama mtu anayeongelea mvua. Sitarudia maneno yake. Nayasema ili mtu asije akafikiri nawaletea malaika.

Kuna kisa kimoja kidogo cha nyumbani kwao ambacho nakipenda. Mwaka 1905 Harry alijiunga na jeshi la akiba. Akapewa sare ya buluu, nzuri, yenye mapambo mekundu. Akaenda nayo shambani kujionyesha kwa bibi yake, yule yule aliyeoka mikate mpaka viganja vikachubuka. Bibi akamtazama toka juu mpaka chini. Buluu ilikuwa rangi ya jeshi la Kaskazini. Akamwambia asirudi tena na nguo hiyo katika nyumba yake. Vita vilikuwa vimekwisha miaka 40! Harry hakubishana. Lakini jeshini hakutoka. Akatii ndani ya nyumba ya bibi, na nje akaendelea na njia yake. Ukiniuliza mimi, maisha yake yote na mama yake yako ndani ya kisa hicho.

Ya katikati nitayapita haraka. Alipigana Ufaransa katika Vita ya Kwanza ya Dunia akiwa kapteni. Alirudi akafungua duka la nguo na rafiki yake Myahudi, Eddie Jacobson, likafilisika. Akaingia siasa za wilaya. Mwaka 1934 akachaguliwa seneta. Katika siasa za Missouri watu weusi walikuwa wanapiga kura, na Truman alizihitaji kura zao. Wapo wanaosema alibadilika kwa ajili ya kura tu. Zilichangia, sikatai. Mungu hutumia hata kura. Mwaka 1940, akiomba useneta kwa mara ya pili, alisimama mji wa Sedalia mbele ya wakulima wazungu akawaambia kwamba mtu mweusi ana haki sawa mbele ya sheria. Pale hapakuwa na faida ya kura.

Mwaka huohuo wa 1940 shamba la familia lilichukuliwa kwa deni, na mama Martha, ana miaka 87, akatolewa kwenye nyumba. Mara ya pili katika maisha yake kuhamishwa. Harry aliumia sana kwa jambo hilo, na alijilaumu.

Tarehe 12 Aprili 1945 Rais Roosevelt akafariki ghafla na Truman, makamu wake wa miezi mitatu hivi, akaapishwa. Mwezi uliofuata, Siku ya Mama, akatuma ndege ya rais ikamlete mama yake Washington. Mama ana miaka 92 na hajawahi kupanda ndege. Alishuka, akaona waandishi na wapiga picha wamejaa, akanung'unika kwamba kama angejua ni fujo hivi asingekuja. Nyumbani walikuwa wamemtania kwamba Ikulu atalazwa kwenye kitanda cha Lincoln. Mama hakuchukulia kama utani. Alisema ni afadhali alale sakafuni. Basi akapewa chumba kingine.

Familia ilicheka kisa hicho kwa miaka mingi na Harry mwenyewe alipenda kukisimulia. Mimi sikucheka sana. Ninafikiria huyu mtu, anakaa kwenye kiti cha Lincoln, anasimamia nchi ya watu wa rangi zote, na chini ya paa lake amelala mama ambaye hawezi hata kugusa kitanda cha aliyewafungua watumwa. Amwambie nini? Mama wa miaka 92? Amri ya tano haina kipengele kinachosema isipokuwa mama akiwa mbaguzi.

Sasa tufike kwenye mwaka 1946, maana ndio mwaka uliomgeuza.

Tarehe 12 Februari mwaka huo, sajenti mweusi kwa jina Isaac Woodard aliachiwa jeshini kwa heshima baada ya kutumikia katika vita. Akapanda basi kurudi nyumbani, bado amevaa sare. Njiani alimwomba dereva nafasi ya kwenda haja, wakatupiana maneno. Kituo kilichofuata, Batesburg, jimbo la South Carolina, dereva akaita polisi. Mkuu wa polisi alimpiga kwa rungu machoni mpaka macho yote mawili yakaharibika. Hakuona tena maisha yake yote. Mwezi wa Julai, jimbo la Georgia, kundi la wazungu liliwasimamisha barabarani watu weusi wanne, waume wawili na wake zao, wakawapiga risasi. Mmoja wa wale waume alikuwa ametoka kupigania Marekani huko Pasifiki.

Tarehe 19 Septemba viongozi wa watu weusi walikwenda Ikulu, na Walter White, katibu wa chama kikubwa cha kutetea haki zao, akamsimulia Rais habari hizo moja baada ya nyingine. Waliokuwepo wanasema Truman alipauka uso. Hakuwa amejua kwamba mambo yamefikia hapo. Kesho yake alimwandikia mwanasheria mkuu wa serikali. Yule polisi alishtakiwa, na baraza la wazungu watupu likamwachia baada ya kukaa kama nusu saa. Mwezi wa Desemba Truman akaunda tume ya watu 15 ichunguze haki za raia wote wa Marekani.

Kitu gani kilimgusa? Angalia vizuri. Hakuguswa na hoja ya kwamba watu wote ni sawa. Hoja hiyo alikuwa ameisikia tangu utoto kanisani na ikapita. Aliguswa na sare. Yeye alikuwa kapteni, aliwapeleka vijana vitani, anajua maana ya kuvaa nguo ya nchi. Na pengine, hili ni langu mimi siyo la kitabu, alikumbuka sauti ya mama yake. Tangu mdogo alikuwa amesimuliwa habari ya watu wenye silaha na mamlaka ambao walikuja wakamnyonga kijana asiye na kosa, wakaumiza mikono ya mama wa nyumba, na hakuna aliyewahukumu. Mama alikuwa amemfundisha kuchukia jambo hilo. Alichomkosesha ni kuona kwamba lingeweza kumpata mtu mweusi pia.

Februari 1947 mama Martha alianguka akavunjika nyonga. Mwezi wa Mei hali ikawa mbaya, Rais akaruka kwenda Grandview, akakaa huko karibu wiki mbili. Dunia nzima ilikuwa inawaka, habari za Ugiriki na Uturuki na Warusi, na yeye anaendesha serikali kutoka hoteli ya Kansas City ili awe anakwenda kukaa kitandani kwa mama. Sheria kubwa ya kuzisaidia Ugiriki na Uturuki aliitia sahihi pale hotelini. Mama akapata nafuu kidogo. Rais akarudi Washington.

Na hapo, wapendwa, ndipo penye kiini cha habari yangu.

Alikuwa amealikwa ahutubie kile chama cha watu weusi, tarehe 29 Juni 1947. Hakuna rais kabla yake aliyewahi kukihutubia. Mahali ni kwenye ngazi za jengo la kumbukumbu ya Lincoln. Lincoln yuleyule! Siku moja kabla, Truman alikaa akamwandikia barua dada yake Mary Jane, aliyekuwa anamuuguza mama. Alimwambia kwamba kesho ana hotuba hiyo, na kwamba laiti isingekuwa lazima kuitoa. Akasema mama hataipenda, kwa sababu mwishoni analeta maneno ya mzee Lincoln. Kisha akasema kwamba yale atakayosema anayaamini.

Someni tena polepole. Huyu ni mkuu wa taifa lenye nguvu kuliko mataifa yote ya wakati ule, ana miaka 63, na bado anafikiria mama atasemaje. Hakujificha, ingawa angeweza. Mama ni mgonjwa, ana miaka 94, kijijini. Angenyamaza tu na dada angenyamaza. Au angeweza kuahirisha mpaka mama aondoke, na nani angemlaumu? Wangapi wetu tunasubiri hivyo? Tunasema wazee wakishapita ndio tutakaa meza moja, ndio tutafungisha ile ndoa, ndio tutamsimika yule mchungaji wa kabila lile. Tunaita heshima. Mimi nilisubiri miaka sita, nikiita heshima, na wakati huo mke wangu ndiye aliyekuwa anaosha sahani isiyoguswa.

Kesho yake akapanda zile ngazi. Mbele yake walikuwepo watu kama elfu kumi, na redio zilirusha hotuba hiyo. Akasema kwamba serikali ya taifa haiwezi kungoja jimbo lililo nyuma kabisa ndipo iwalinde raia wake. Akasema Wamarekani wote, na Walter White alipompongeza baadaye alimhakikishia kwamba kila neno alikuwa analimaanisha.

Siku 27 baadaye mama yake alikufa.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 26 Julai 1947. Truman aliitwa haraka, lakini alikawia kidogo uwanja wa ndege akisubiri sheria moja ya ulinzi wa taifa iletwe aitie sahihi ndani ya ndege. Wakiwa angani ikaja habari kwamba amekwisha kufariki. Baadaye alisimulia kwamba kabla ya kuambiwa alikuwa amesinzia, akamwona mama usingizini akimuaga na kumwambia awe mtoto mwema. Walimzika karibu na mumewe.

Sijui kama nyinyi mmewahi kuzika mzazi ambaye mlipendana sana na hamkupatana kwenye jambo moja kubwa. Hakuna mazungumzo ya mwisho. Mama Martha hakutubu juu ya Lincoln. Hakuna kisa kizuri cha kitandani cha kuwasimulia ibada ya vijana.

Mambo yakaenda mbele. Tume ilitoa taarifa Oktoba 1947. Tarehe 2 Februari 1948 Truman alipeleka Bunge mapendekezo yake: sheria dhidi ya mauaji ya makundi, kuondoa kodi iliyowazuia watu maskini kupiga kura huko Kusini, haki katika kazi. Kusini wakawaka. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na hao walikuwa watu wa chama chake mwenyewe, watu wanaoongea kama mama yake, wanaokula vyakula vya mama yake. Rafiki wa zamani wa Missouri akamwandikia amsihi alegeze. Truman akamjibu kwa habari ya wale watu waliouawa na yule aliyetolewa macho, na kwamba kama ataanguka uchaguzi kwa ajili ya hilo, basi ni kuanguka kwa sababu njema. Wajumbe wa Kusini walitoka nje ya mkutano wa chama, wakamsimamisha mtu wao, Strom Thurmond, agombee urais.

Na tarehe 26 Julai 1948 Truman alitia sahihi amri ya rais namba 9981, kwamba katika majeshi ya Marekani watu wote watendewe sawa bila kujali rangi, dini wala walikotoka. Sare moja, kambi moja. Mkiangalia tarehe mtaona ni mwaka mmoja kamili tangu mama yake afe. Siasa ndizo zilizopanga siku hiyo, maana ndiyo siku Bunge aliloliita kwa dharura lilianza kikao. Lakini hakuna mtoto anayesahau tarehe kama hiyo, hata awe rais. Ilichukua mpaka mwaka 1954 kikosi cha mwisho cha watu weusi peke yao kivunjwe. Novemba akashinda uchaguzi ambao magazeti yalikuwa yamekwisha kumzika.

Ningeweza kuishia hapo na mngenipigia makofi. Lakini Roho wa kweli hataki tupake chokaa.

Harry Truman hakumaliza safari. Faraghani aliendelea kutumia majina yale ya dharau kuwaita watu weusi, maneno ya nyumbani. Dada yake alimwambia mwandishi mmoja kwamba Harry hana mpango wa usawa na weusi kuliko wao wengine wa familia. Mwenyewe alitofautisha: haki mbele ya sheria, ndiyo, kukaa sebuleni pamoja, hilo ni jambo lingine. Hata Eddie Jacobson, yule mwenzake wa duka, rafiki wa damu kabisa, hakualikwa katika nyumba ambayo Truman na Bess waliishi Independence. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe, na kwake Myahudi haingii. Harry aliacha hivyo. Na alipostaafu, mwaka 1960 vijana weusi walipoketi kwenye mahoteli ya wazungu wakidai wahudumiwe, mzee alikasirika, akasema kuna mkono wa wakomunisti. Mwaka 1963 akaulizwa juu ya ndoa za watu wa rangi tofauti akasema hapana, na akamuuliza mwandishi kama angependa binti yake aolewe na mtu mweusi.

Hilo la mwisho linaniuma kwa sababu mnazozijua. Mtu aliyefungua kambi zote za jeshi hakuweza kufungua mlango wa nyumba yake. Amri ya serikali iliweza kutoka mkononi mwake kabla moyo haujafika. Kwa walokole huwa tunadhani ni kinyume: moyo kwanza, halafu matendo yanafuata yenyewe. Nimewaona ndugu waliojazwa Roho, wanaonena kwa lugha, ambao moyo wao wanasema umebadilika, na tendo hata moja halijatoka. Kati ya hao na Truman, yule sajenti kipofu angemchagua nani?

Alikufa tarehe 26 Desemba 1972 huko Kansas City, ana miaka 88, akazikwa Independence kwenye uwanja wa maktaba yake.

Mama yangu yupo, namshukuru Mungu. Mwaka wa saba wa ndoa yetu nilimwandikia barua, kwa sababu mdomo wangu ulishindwa, nikamwambia mambo ambayo najua hatayapenda na kwamba nayaamini. Hakujibu. Mwezi uliofuata alikuja, mke wangu akapakua, mama akakaa muda mrefu akiangalia sahani, kisha akaomba chumvi.